Jongoo wa Bamburi na Chakula cha Ndege

Anayetaka ndege wanaokula wadudu waje uani kwake Likoni au Changamwe, pengine wazo la kwanza ni kutundika kifuu cha nazi chenye makombo ya ugali na nyama. Historia ya mwambao inamwonya. Miaka ya 1890, kunguru wa Bara Hindi, ambao Mombasa huitwa kurabu, waliletwa Unguja ili wale taka za mji. Taka hazikwisha, ila kurabu walizidi. Mwaka 1947 walikwisha kuonekana Mombasa, na tangu hapo wamenenepa kwa majaa yetu huku wakipora mayai na makinda katika viota vya ndege wadogo. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni 1. Chakula kilichoachwa wazi huliwa na mwenye nguvu, na kifuu kile kingekuwa karamu ya kurabu, si ya ndege mdogo kama chozi.

Bamburi, upande wa Kisauni, tunaona njia nyingine. Kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki mwamba mtupu, hapana udongo wala kivuli. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, 3 tu ndizo zilizoshika, na mvinje ulitia fora. Lakini majani yake membamba yalirundikana bila kuoza, kwa sababu ya tanini iliyomo. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo alitafuna yale makavu, akaacha kinyesi ambacho vijidudu vilikimalizia, na udongo ukaanza kufanyika. Methali husema mtupa jongoo hutupa na mti wake; Bamburi, aliyemwokota jongoo aliuokoa mti. Mimea mingine ikaota, wadudu wakaongezeka, na ndege wakawafuata bila kutundikiwa chochote.

Mtu atasema kwamba machimbo yale yalikuwa na fedha za kiwanda na miaka mingi ya kusubiri, na ua wa Kisauni ni hatua chache tu. Ni kweli, lakini kilichofanya kazi pale ni majani, unyevu na mdudu wa kuyala, na hivyo havinunuliwi. Pingamizi zito zaidi ni la usafi: ua uliofagiwa ni heshima ya nyumba, na majani huficha nyoka. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo fagia mlangoni na njiani, kisha majani ya mwembe yasukume pembeni kabisa, mbali na watoto, chini ya kichaka kizito ambacho kurabu hapenyi kwa urahisi. Mbu nao huzaliana katika maji yaliyotuama, basi ondoa makopo, usiondoe majani. Kinachochomwa kila asubuhi kama taka ndicho chakula cha ndege tunaowatamani.