Shahada unganishi za afya ya jamii

Shahada unganishi ni mpango unaomruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuanza masomo ya uzamili kabla hajahitimu. Nchini Marekani, ambako mpango huu umeenea, afya ya jamii husomwa kwa miaka mitano badala ya sita.

Zamani fani hii ilikuwa ya uzamili zaidi. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipoanzisha skuli yake ya afya ya jamii mwaka 1916, kwa fedha za Rockefeller Foundation, kililenga hasa watu wenye taaluma tayari, madaktari wakiwa mbele. Mwaka 2003 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza apate nafasi ya kuisoma.

Mwanafunzi huomba shahada unganishi kwa kawaida akiwa mwaka wa tatu. Mwaka wa nne huketi darasa moja na wa uzamili, na baadhi ya krediti huhesabiwa katika shahada zote mbili. Uzamili wenye ithibati hudai krediti zisizopungua 42. Zikihesabiwa 12 mara mbili, hubaki 30. Ada ya muhula mzima huweza kuokolewa.

Tofauti ya ngazi huonekana darasani. Tuseme harusini watu 80 walikula kachumbari, 40 wakaharisha. Kati ya 60 wasioila, waliougua ni 6. Wa shahada ya kwanza anapaswa kupata asilimia 50 kwa 10, yaani hatari mara tano. Wa uzamili huulizwa zaidi: nani hakuhojiwa? Je, walioila kachumbari ndio pia waliokunywa maji ya pipa moja?

Maswali hayo hukomazwa na kazi. Afrika Mashariki wengi husoma uzamili baada ya kutumika: daktari wa Tanzania humaliza miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo kazini, na bwana afya huingia darasani akiwa ameshatia klorini visimani wakati wa kipindupindu. Kijana wa miaka 21 hana akiba hiyo ya uzoefu. Kwa hiyo mafunzo kwa vitendo, ambayo ni lazima katika uzamili wa Marekani, ndiyo sehemu ya mpango isiyofaa kabisa kufupishwa.

Katika mipango mingi, anayeamua kutoendelea huondoka na shahada yake ya kwanza, mradi ametimiza masharti yake.