Kutoka kwa Kungwi Hadi Chuo Kikuu: Historia ya Elimu ya Familia

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa hewani

Saa ya darasa letu imefika. Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu amekaa mahali pa kusikia vizuri, na wenye madaftari wayafungue. Leo tuna somo la historia. Hatutasoma habari za vita wala za wafalme. Tutasoma habari za familia, na jinsi elimu ya familia ilivyofika katika chuo kikuu.

Swali la somo hili limetoka Gwata, Kibaha. Nilipolitembelea darasa la huko, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akanieleza shida yake. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye ataka kwenda Morogoro kusoma mambo ya familia katika chuo kikuu. Baba mtu hakukataa. Lakini majirani wamecheka. Wasema, "Apande gari hadi Morogoro kwenda kusoma familia! Kwani hapa kwenu familia hakuna?"

Mama akaniuliza, "Mwalimu, mjinga ni nani, wao au mimi? Niuze mbuzi wangu kwa elimu hiyo, au nisiuze?"

Sikumjibu siku ile. Swali la kuuza mbuzi halijibiwi kwa haraka. Leo namjibu yeye, na wengine wenye swali kama lake wasikilize.

1. Mwalimu wa kwanza

Hapo kale, wazee wetu wa Uzaramo na Ukwere hawakuwa na chuo kikuu, lakini walijua kwamba familia hufundishwa. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Akafundishwa na wanawake wakubwa, na kungwi wake akawa mwalimu wake. Alifundishwa usafi, heshima, uzazi, na namna ya kukaa na mume na wakwe. Chini ya mti wa mkole aliimbiwa nyimbo zenye mafumbo, naye alipaswa kujua maana yake. Mafunzo hayo yalikuwa na mwalimu, na muda, na mtihani. Siku ya kutolewa nje ilikuwa kama siku ya kupewa cheti.

Bila shaka mafunzo hayo yalikuwa na upungufu wake. Mengi yalikuwa siri. Mengi yalimfundisha mwanamke kuvumilia, hayakumfundisha kuuliza. Hata hivyo yatuonyesha jambo moja: hakuna mtu anayezaliwa akijua kulea.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja kutoka Ufini, Bibi Marja-Liisa Swantz, alikwenda kukaa Bunju, katika nchi ya Wazaramo. Alikaa na wanawake, akasikiliza, akajifunza mila zao, na mwaka 1970 akatoa kitabu kikubwa juu ya mila hizo. Fikirini, ndugu zangu. Yale ambayo majirani huyaita "mambo ya nyumbani tu" yalimfanya mwanachuo atoke Ulaya, aje akae kijijini miaka kadhaa ili ayafahamu.

2. Barua kwa wake za wakulima

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende Marekani, kwa maana huko ndiko elimu hii ilikopata nguvu ya kuingia chuo kikuu.

Mwaka 1870 mwanamke mmoja, Ellen Swallow, alikubaliwa kusoma kemia katika chuo kikubwa cha ufundi cha Massachusetts. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa hapo. Alipomaliza alipima maji ya kunywa, na hewa ya nyumba, na vyakula vya dukani. Alisema kwamba sayansi isiishie kwenye viwanda, iingie na jikoni. Mwaka 1899 yeye na wenzake walianza kukutana kila mwaka ili kuipanga elimu hiyo, na mkutano wao ukazaa chama cha walimu wake.

Mwingine aliitwa Martha Van Rensselaer. Habari zake zatuhusu sana sisi wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1900 aliitwa na Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York, awaandalie masomo wake za wakulima. Alianza kwa kuwauliza wenyewe wanataka kujua nini. Somo lake la kwanza, la mwaka 1901, lilihusu namna ya kumpunguzia mama hatua anazotembea kutwa nzima katika kazi zake. Masomo yalikwenda kwa posta, na wanawake wakayasoma pamoja katika vikundi. Mwaka 1911 yeye na mwenzake Flora Rose wakawa maprofesa, na mwaka 1925 kazi yao ikawa chuo kamili ndani ya chuo kikuu hicho.

Mmeona? Shahada ile ilianzia katika darasa la watu wazima, darasa kama hili lenu. Shahada, kwa wasiolijua neno hilo, ni cheti cha chuo kikuu cha ngazi ya kwanza.

3. Kwetu Tanzania

Wakati wa ukoloni shule za wasichana zilifundisha maarifa ya nyumbani. Walishona, walipika, walitandika vitanda. Baadaye katika shule zetu somo la namna hiyo likaitwa Sayansi Kimu. Kushona na kupika si kubaya. Lakini watu wakaanza kudhani kwamba elimu ya familia ni kushona na kupika tu, na kwamba ni ya wasichana peke yao. Basi majirani wa yule mama wa Gwata si wajinga. Wanarudia walichofundishwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa chuo kidogo chenye kitivo kimoja tu, kitivo cha sheria. Nchi changa ilitaka kwanza wanasheria, walimu, wahandisi na waganga. Elimu ya familia ilingoja nje ya mlango.

Lakini karibu na Gwata jambo jingine lilikuwa likifanyika. Mwaka 1963 Tanganyika ilipatana na Uswidi, Denmaki, Norwei na Ufini kujenga kituo Kibaha. Palijengwa shule ya sekondari, kituo cha afya, na mahali pa kuwafundisha wakulima, vyote pamoja. Mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa serikali yetu, nasi twakijua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Mpango wake wafundisha kitu. Mtoto hasomi vizuri akiwa mgonjwa, na hapati afya ikiwa shamba halina chakula. Shule, zahanati na shamba hukutana katika nyumba moja.

Katika mwaka 1973 wengi walisikiliza redio katika vikundi, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijifunza, wakachimba vyoo na kusafisha maji. Hata hiyo ilikuwa elimu ya familia, ijapokuwa haikuitwa hivyo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila anayepanga kwenda chuo yafaa alijue. Novemba 1974 chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Vijana wa kidato cha sita wakaambiwa wafanye kazi kwanza miaka michache, ndipo waende chuo kikuu. Nia ilikuwa njema: msomi aijue kazi, na watu wazima wapate nafasi. Lakini idadi ya wanawake chuoni ikapungua. Katika miaka ile ya kungoja wengi waliolewa, wakazaa, na mlango ukafungwa. Mwaka 1976 wasichana wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Waliopanga mambo ya chuo walikuwa wamesahau kuihesabu familia.

Huko Morogoro kitivo cha kilimo kilianzishwa mwaka 1969. Mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ndani ya chuo hicho elimu ya familia ikapata kiti chake. Kwanza shahada yake ilihusu sayansi kimu pamoja na lishe ya binadamu. Baadaye ikawapo shahada ya elimu ya familia na watumiaji wa bidhaa, na lishe ikawa na shahada yake. Masomo hayo ni ya wanawake na wanaume.

4. Elimu hii imetupa nini?

Mtu aweza kusema, "Sawa, imeingia chuoni. Imetusaidia nini?" Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Iringa. Katika miaka ya 1980, katika vijiji 168, watoto walipimwa uzito mara kwa mara, na wazazi wakakaa kuulizana: kwa nini huyu amekonda? Mara nyingi jibu halikuwa njaa peke yake. Ghala lilikuwa na mahindi, lakini mama alikuwa shambani tangu alfajiri, na mtoto alilishwa mara mbili tu kwa siku. Au mtoto aliugua malaria na kuhara. Wakatambua kwamba mtoto ahitaji chakula, matibabu na matunzo, vyote vitatu. Utapiamlo mkali ukapungua. Mwaka 1990 shirika la UNICEF likaichukua fikra hiyo na kuitumia duniani kote.

Mfano wa pili ni wa mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba wanandoa wakiachana, mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika kupata mali. Lakini je, kupika, kufua na kulea ni mchango? Majaji hawakuwa na sauti moja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikaamua: ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango. Mama mwenye kesi hiyo hakuongezewa kitu, kwa maana mahakama iliona ameshapata fungu lake. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi waliokuja nyuma yake waliitegemea.

Mifano hii yote miwili yahusu kazi ambayo haikuhesabiwa, na watu waliokaa chini wakaihesabu. Hiyo ndiyo kazi ya msomi wa familia.

5. Namna ya kupanga

Basi, mama wa Gwata, na wazazi wengine, na vijana mnaosikiliza, historia hii yatupa njia ya kupanga.

Kwanza, kijana aanze na swali, kama Martha alivyoanza. Ajiulize: ni shida gani ya familia nataka kuifahamu? Ni lishe ya watoto? Ni fedha za nyumbani? Ni ugomvi wa ndoa na malezi? Jibu lake litamwonyesha chuo. Mwenye kutaka lishe na matumizi ya nyumbani atatazama Morogoro. Mwenye kutaka kuwasaidia watoto na wenye shida atatazama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwenye kutaka kazi ya vijijini atatazama Tengeru, Arusha, kwenye taasisi ya maendeleo ya jamii.

Pili, asome masharti kabla ya kuomba. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo. Kwa kawaida hutakiwa masomo makuu mawili aliyofaulu kidato cha sita, au stashahada inayofaa. Asitegemee maneno ya barazani, kwa maana masharti hubadilika.

Tatu, ahesabu fedha: ada, chumba, chakula, nauli na vitabu, kwa miaka yote ya masomo. Aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo mapema, akijua kwamba mkopo hulipwa.

Nne, aliye na watoto au kazi asikate tamaa. Chuo Kikuu Huria kilianza kufundisha mwaka 1994, na mtu husoma huku akiishi kwake. Lakini apatane kwanza na watu wa nyumbani: nani atachota maji siku za mtihani? Yaliyotokea baada ya Azimio la Musoma yasitokee tena ndani ya nyumba yako.

Tano, akiwa chuoni arudi kijijini kusikiliza. Asimdharau kungwi. Amuulize, apime, achukue lililo jema, na lenye madhara aliseme wazi.

Mama yangu wa Gwata, hili ndilo jibu langu. Mwite binti yako jioni, mkae ukumbini. Mwambie, "Nieleze swali unalokwenda kulitafutia jibu." Akikosa la kusema, mbuzi wakae zizini kwanza, naye apewe muda wa kufikiri. Akikueleza mpaka ukaelewa, jazeni maombi ya mkopo pamoja, na palipopungua, uza mbuzi. Na majirani wakicheka, wakaribishe wakae, uwasimulie somo hili.

Kazi ya darasa

Maneno ya kusoma na kuandika: shahada, stashahada, mchango, matunzo, mwongozo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kungwi alifundisha nini kilicho chema, na nini cha kuachwa?
2. Kwa nini wanawake walipungua chuoni baada ya mwaka 1974?
3. Hesabuni kazi za mama mmoja wa kijiji chenu tangu alfajiri mpaka usiku. Ziandikeni zote, msiache hata moja. Kisha fanyeni hivyo kwa baba.

Mwalimu wa darasa, waachie wanafunzi wajibu wenyewe, usiwajibie. Hadi somo lijalo, kwaherini.