Mlo wa mwanafunzi wa chuo kisiwani Mombasa

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, kilipandishwa hadhi kutoka politekniki na kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2007, kisha kikapata hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Wanafunzi wake, sawa na wenzao kwingineko nchini, hula wakiwa na haraka na pesa chache mfukoni. Hapo ndipo tatizo huanzia, kwani chakula kinachoshibisha upesi kwa bei nafuu aghalabu ni kile kilichokaangwa: chipsi, bajia, viazi karai na mahamri.

Hata hivyo, Pwani haina uhaba wa chakula bora. Mbaazi za nazi, ambazo wengi huzichukulia kuwa kitoweo cha mahamri tu, zina protini na nyuzinyuzi kwa wingi. Zikiliwa kwa wali, protini za vyakula hivyo viwili hukamilishana, na mwanafunzi asiyemudu nyama hapungukiwi. La kuangaliwa ni tui zito, kwa kuwa mafuta ya nazi ni ya aina inayoongeza lehemu katika damu. Tui jepesi latosha.

Mchicha na kunde huleta madini ya chuma, yanayohitajika zaidi na wasichana kutokana na damu wanayopoteza kila mwezi. Kukamulia ndimu juu ya mboga husaidia mwili kuyafyonza madini hayo. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia jambo hilo, hivyo ni heri isubiri saa moja hivi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza angaa gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyofikia gramu 5, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Achari na pilipili za chupa, ambazo ni vigumu kuzikataa, zina chumvi nyingi. Nayo soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari. Dafu lina sukari kidogo kuliko hiyo, tena lina madini ya potasiamu.

Anayeteremka Mji wa Kale jioni ana nafasi ya kuchagua: muhogo wa kuchoma badala ya crispu, mishkaki ya mkaa badala ya sambusa, samaki wa kupaka badala ya wa kukaanga. Achunguze pia karai la mwuzaji. Mafuta yaliyogeuka meusi na kutoa povu yametumika mara nyingi mno.

Wanaopika wenyewe mabwenini wana faida nyingine. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya huwataka wasagaji kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi wa pakiti, na embe la msimu sokoni Marikiti halihitaji jiko.