Sala kwa Ajili ya Wenye Mamlaka Katika Nchi Yetu

Katika sura ya pili ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, Wakristo wanaagizwa kuwaombea wafalme na wote wenye mamlaka. Yafaa kukumbuka ya kuwa wafalme wa zama zile hawakuwa Wakristo, na wako miongoni mwao waliowatesa wale waliokuwa wakiwaombea. Kwa hiyo tangu mwanzo sala hiyo haikuwa malipo kwa mtawala mwema, wala haikuwa sifa. Ilikuwa ni haja iliyopelekwa mbele za Mungu, ili watu wapate kuishi kwa utulivu na amani. Nimeombwa kuandika habari za sala hiyo katika Kenya, nami nimekubali kwa furaha, kwa maana historia yake imeshikamana na historia ya vyama vya ustawi kama hiki chetu.

Wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walipofungua shule ya Maseno mwaka 1906, walikuja na kitabu chao cha sala. Katika ibada ya asubuhi na ya jioni ya kitabu hicho yamo maombi kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza. Tena katika ibada ya Meza ya Bwana imo sala ya kuomba kwamba wenye mamlaka waamue kwa haki pasipo upendeleo, na uovu upate adhabu yake. Wazungu walioyaleta maombi hayo labda hawakufikiri sana jinsi yatakavyosikika masikioni mwa Mwafrika. Lakini mtu akifundishwa kuomba haki kwa Mungu kila Jumapili, si ajabu akiidai Jumatatu kwa Bwana D.C.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1920 nchi ilifanywa Koloni, na watu wakaingiwa na hofu juu ya ardhi zao. Kodi ilikuwa imepandishwa hata shilingi 16, kipande kilikuwa kimeanza kuvaliwa shingoni, na ujira ulipunguzwa mwaka 1921. Tarehe 23 Desemba 1921, maelfu ya watu walikutana Lundha katika nchi ya Gem. Waliowaongoza walikuwa vijana wa misheni, Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Mkutano huo ulizaa chama kilichoitwa Young Kavirondo Association, ambacho wenyeji walikijua zaidi kwa jina la Piny Owacho, yaani nchi imesema. Vijana hao hawakuacha kanisa walipoingia katika siasa. Walitaka yale waliyokuwa wakiyaombea yatendeke. Mnamo Julai 1922 Gavana, Sir Edward Northey, alikuja mwenyewe Nyahera kuwasikiliza, na mwaka huo kodi ikateremshwa kuwa shilingi 12.

Nairobi mambo yalikwenda vingine. Harry Thuku, aliyesoma kwa wamisionari wa Kambui, alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokuja kudai afunguliwe ulipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengine walisema waliokufa walizidi hao sana.

Baada ya hayo, Archdeacon W. E. Owen alikichukua kile chama cha Kavirondo mwaka 1923 na kukigeuza kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Wanachama walitakiwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti, na malalamiko yao wakayaandika kwa adabu na kuyapeleka Serikalini. Wako wanaosema kwamba Owen aliutia mkuki butu. Kwa upande mmoja ni kweli, maana mikutano mikubwa kama ule wa Lundha ilififia. Tena Wakatoliki walijitenga na kuwa na chama chao, hata wale waliokuwa wakimwombea Mfalme mmoja hawakuweza kuketi katika mkutano mmoja. Lakini haki itendeke kwa Owen pia. Aliandika bila kuchoka juu ya kazi za kulazimishwa na juu ya ardhi, hata walowezi wakakichezea cheo chake cha Kiingereza na kumwita jina lenye maana ya pepo mkuu.

Baada ya uhuru jina la Malkia lilitoka katika maombi ya kuiombea nchi, yakaingia majina ya viongozi wetu wenyewe. Hata wimbo wa taifa, uliotungwa juu ya sauti ya wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, ni sala tangu neno lake la kwanza. Hapo ndipo hatari mpya ilipoingia. Kumwombea mgeni anayekutawala bila kumsifu ni jambo rahisi. Kumwombea ndugu yako bila kumsifu ni kazi ngumu zaidi.

Hata hivyo walikuwako walioiweza kazi hiyo. Mwaka 1992 akina mama waliotaka wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa waachiliwe walifukuzwa na polisi kutoka Uhuru Park. Walipewa hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliwafuata hata ndani ya kanisa lilo hilo watu waliokusanyika kuomba na kudai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Moshi wa kutoa machozi ulijaa kanisani, na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri akapigwa vibaya. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilibadilisha baadhi ya sheria, zikiwemo zile za vibali vya mikutano.

Miaka kumi baadaye jambo baya zaidi lilitokea, wala halikufanywa na polisi peke yao. Katika uchaguzi wa 2007 wachungaji wengi waliwaombea wagombea wa kabila lao, kila mmoja akiamini Mungu amemteua mtu wake. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika machafuko yaliyofuata, wakiwemo waliochomwa kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008. Mwaka huo huo Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa dini walikuwa wameegemea pande, likaomba taifa msamaha.

Tangu hapo sala ya kitaifa inayotajwa sana ni ile ya asubuhi moja kila mwaka, ambapo Rais na wabunge hula chakula pamoja na viongozi wa makanisa, kwa desturi iliyoanza Washington mwaka 1953. Tarehe 31 Mei 2018, katika sala hiyo, Uhuru Kenyatta, William Ruto, Raila Odinga na Kalonzo Musyoka waliombana radhi na kukumbatiana, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Jamaa za wale waliouawa katika ghasia za uchaguzi wa 2017 walikuwa bado wanangoja kuambiwa ni nani atakayeshitakiwa.