Vidole Viwili vya Bosco: Katanga Ilivyofundisha Gitaa Afrika Mashariki

Septemba 2025 ilitimia miaka 35 tangu Mwenda wa Bayeke afariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Wapenzi wa muziki wa zamani wanamjua zaidi kwa jina la Jean Bosco. Lubumbashi, jiji kuu la Katanga nchini Kongo, ina deni kwake, na ni wakati wa kulilipa.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya watu wa Bayeke tangu enzi za mfalme wao Msiri. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nchi baada ya nchi akirekodi muziki wa Kiafrika, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kampuni ya Gallotone ya Afrika Kusini ikatoa santuri zake, na mwaka 1952 "Masanga" ikashinda tuzo ya Osborn.

Masanga inastahili kusikilizwa kwa utulivu. Bosco aliipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashika besi bila kuchoka, cha shahada kinaimba juu yake, na kila kimoja kina mwendo wake. Ni rahisi kuapa kwamba wapigaji ni wawili. David Rycroft, mwanamuziki na mwanaisimu wa London, alikaa na santuri hizo akaandika noti moja baada ya nyingine, na uchambuzi wake ukatoka katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Aliuita uchambuzi wa ubunifu wa papo kwa papo, na ndivyo ulivyokuwa. Bosco alikuwa na vipande vyake alivyovijua, lakini alivipanga upya kila aliposhika gitaa. Anayekariri santuri moja amejifunza Masanga ya siku moja. Anayetaka kumwelewa Bosco lazima ajifunze kufikiri kwa vidole, na hilo linahitaji mwalimu.

Ualimu wenyewe alikuwa nao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, akasikika redioni na kutangaza dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alipita njia hiyo. Wapiga gitaa kavu (lisilo la umeme) wa Kenya waliwasikiliza, wakaiga, kisha wakatengeneza ya kwao. Kwa kuwa aliimba Kiswahili, nyimbo zake hazikuhitaji mkalimani Mombasa wala Kisumu. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

Mwaka 1979 mwanafunzi alitoka mbali zaidi. John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alifunga safari hadi Shaba, jina la Katanga wakati huo, kujifunza kwa Bosco, Masengo na Losta Abelo. Shajara ya safari hiyo ilichapishwa Vienna mwaka 1982. Bosco alirekodi tena Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kifo chake.

Tazama sasa hazina hii iko wapi. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Noti ziliandikwa London, shajara ikachapishwa Austria. Wageni hao walifanya kazi njema, na tunawashukuru. Lakini kijana wa mitaa ya Kenya au Kamalondo, hapa Lubumbashi, hapaswi kuomba viza ili ajifunze muziki uliozaliwa kwao.

Tuanze na yaliyo karibu. Hoteli ya Karavia hapa mjini inapokea wageni wa migodi kutoka kila bara. Jioni moja kwa wiki ya gitaa kavu, yenye malipo ya haki kwa mpigaji, ingewaonyesha kwamba Katanga imetoa zaidi ya shaba. Mkoa nao uombe nakala za rekodi hizo, uziweke mjini, na uwalipe wazee wanaojua mtindo huu wafundishe watoto. Shaba ikishachimbwa imekwisha. Ufundi wa Bosco unaongezeka kwa kila anayefundishwa, mradi awepo wa kufundisha.