VIUNGO NA AFYA YA FAMILIA, SEHEMU YA 4: Manjano, mzizi wa miaka 4,000 na rangi iliyogeuka sumu

Tumeshapita tangawizi, iliki na mdalasini. Leo ni zamu ya manjano, ambayo wengine mnaita binzari. Hakuna kiungo mnachoniuliza kama hiki. "Nesi, nimpe mtoto maziwa ya manjano?" "Nesi, nipake kwenye kitovu cha kichanga?" "Nesi, vidonge vya manjano vinasafisha damu kweli?"

Nitajibu yote. Ila naomba kwanza tupite India, kwa sababu historia ya mzizi huu inaeleza majibu kuliko mimi nikikupa tu orodha ya fanya hiki, usifanye kile. Na huko mbele kuna jambo linalogusa ubongo wa mwanao moja kwa moja. Kwa hiyo usiishie njiani.

CHUNGU NA JINO

Kaskazini mwa India, si mbali sana na Delhi, kuna mahali panaitwa Farmana. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita waliishi pale watu wa ustaarabu wa bonde la mto Indus. Wachimbaji wa mambo ya kale walichukua vipande vya vyungu vyao na meno ya watu waliozikwa pale, wakatazama mabaki kwa hadubini. Wakakuta chembe za wanga wa manjano na tangawizi.

Hebu tulia hapo kidogo. Mabaki yalikuwa kwenye chungu na kwenye jino. Maana yake mtu alipika, mtu akala. Manjano yalikuwa mboga ya jioni tangu zamani hizo.

Karne nyingi baadaye vitabu vya tiba ya asili ya India, ile inayoitwa Ayurveda, viliandika juu ya manjano, tangawizi na pilipili manga. Katika tiba hiyo chakula na dawa havikutenganishwa sana, vilikaa jirani. Na mama wa Kihindi hakusubiri kitabu. Alichemsha dengu, akatia manjano kidogo, kisha akakaanga jira na kitunguu saumu kwenye samli na kumwagia juu. Mpaka leo ndivyo inavyopikwa katika mamilioni ya nyumba kila siku.

Mtoto anapoanza kula, au mtu akiwa anatoka kwenye ugonjwa, anapikiwa khichdi: mchele na choroko au dengu pamoja, laini, na manjano kidogo. Sisi wa pwani tuna ndugu yake, mseto wa choroko. Wala si ajabu. Majahazi yalikwenda na kurudi kati ya pwani yetu na India kwa pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Vasco da Gama mwaka 1498 alipata nahodha wa kumwongoza pale Malindi, akafika Calicut, kwenye pwani ya pilipili manga, kwa njia ambayo wenyeji wa bahari hii walishaijua siku nyingi. Masala, achari, chapati, dania: maneno yote hayo yamevuka maji pamoja na chakula chake.

Sasa angalia kilichomo kwenye hicho chungu. Kuna nafaka, kuna jamii ya kunde, kuna mafuta kidogo. Manjano ni kijiko kidogo tu, au robo yake. Kazi kubwa ya kiungo ni kuifanya familia ile dengu leo, kesho na keshokutwa bila kuchoka, hata pasipo nyama, na bila kumimina chumvi ili chakula kipate ladha. Mimi nikiwa kliniki, hiyo naihesabu kuwa faida kubwa kweli.

KESI YA MANJANO

Mwaka 1995 watafiti wawili wa chuo kikuu cha tiba huko Mississippi, Marekani, walipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kitu ambacho bibi yeyote wa Kihindi angekwambia, kiliandikwa kuwa uvumbuzi mpya.

India haikukaa kimya. Baraza lake la utafiti wa sayansi na viwanda, CSIR, lilipinga. Lilipeleka ushahidi wa maandishi, yakiwemo ya zamani ya Kisanskriti na makala ya kitabibu ya mwaka 1953, kuonyesha kwamba jambo hilo lilijulikana siku nyingi. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Baada ya hapo India ilianza kukusanya ujuzi wake wa tiba za asili kwenye maktaba ya kidijitali, ili asije mtu mwingine akajimilikisha.

Ushindi mzuri, na nawapongeza. Lakini tuelewe kesi ilithibitisha nini. Ilithibitisha kwamba ujuzi ule ni wa kale na si mali ya mtu mmoja. Haikuthibitisha kwamba manjano yanaponya kila kidonda. Hapo ndipo wengi tunapoteleza: tunasikia "cha asili", tunasikia "bibi zetu walitumia", tunafunga mjadala.

KUTOKA CHUNGUNI KWENDA KWENYE KOPO

Kiini kinachosifiwa kwenye manjano kinaitwa kurkumini. Kwenye unga wa manjano ni kiasi cha asilimia 3 hivi, na mwili unakifyonza kwa shida. Watafiti waligundua kwamba pilipili manga inasaidia kifyonzwe zaidi, na biashara ikaanza: vidonge vyenye kurkumini nyingi, vikichanganywa na dondoo la pilipili manga.

Mwaka 2017 wanakemia walipitia utafiti mwingi uliokwisha kufanywa na kusema wazi kwamba kurkumini haikuwa imethibitishwa kuwa tiba kwenye majaribio makali ya binadamu. Mwaka 2019 nchini Italia mamlaka za afya zilitoa tahadhari baada ya watu kadhaa kupata homa ya ini iliyohusishwa na bidhaa za vidonge vya manjano.

Umeona tofauti? Kijiko kidogo kwenye chungu cha watu sita ni chakula. Kurkumini iliyokamuliwa ikajazwa kwenye kidonge ni kitu kingine kabisa, hata kama jina ni lile lile.

RANGI ILIYOGEUKA SUMU

Sasa tufike kwenye lile jambo.

Tuvuke mpaka kidogo twende Bangladesh, jirani wa India, ambako manjano huliwa karibu kila siku vilevile. Watafiti walipima damu za wanawake wajawazito vijijini na kukuta madini ya risasi kwa wingi. Walishangaa. Hapakuwa na viwanda karibu, hapakuwa na msongamano wa magari. Walitafuta kwenye udongo, kwenye mchele, kwenye makopo ya chakula. Risasi ina alama zake za kikemia zinazoonyesha ilikotoka, na mwaka 2019 walichapisha jibu: chanzo kikubwa kilikuwa manjano.

Ilikuwaje? Watu wa biashara hiyo waliwaeleza watafiti kwamba desturi ilianza miaka ya 1980. Mafuriko makubwa yalilowesha mazao, mizizi ikakauka vibaya na kupoteza mng'ao. Mnunuzi anataka manjano ya kung'aa, si ndiyo? Basi wakaanza kuisugua mizizi kwa unga wa rangi ya njano iitwayo kromati ya risasi, ambayo kazi yake ni kwenye rangi za viwandani. Mzizi mbovu ukaonekana mzuri. Mafuriko yakaisha, desturi ikabaki.

Jamani, kilichotiwa sumu hapa ni kile chungu chetu cha dengu. Yule mama alikuwa anafanya sawa kabisa: anapika nyumbani, anatumia kiungo cha asili, anamlisha mwanawe khichdi. Na ndani ya kijiko kile kulikuwa na risasi.

Kwa nini naogopa risasi? Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua: kujifunza, kutulia, kukumbuka. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile alichomeza. Inajificha kwenye mifupa kwa miaka, na mwanamke akishika mimba inaweza kutoka mifupani, ikaingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Na mara nyingi haina dalili ya mapema.

NCHI ILIYOSAFISHA CHUNGU CHAKE

Habari njema ni kwamba Bangladesh ilichukua hatua haraka. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula iliwatangazia wananchi na wafanyabiashara, ikaingia kwenye soko kubwa la viungo mjini Dhaka na vipimo vya kubebeka, na wauzaji waliokutwa na manjano yenye risasi wakatozwa faini hadharani. Sampuli za sokoni zilizokutwa na risasi mwaka huo zilikuwa asilimia 47. Mwaka 2021 zilikuwa 0. Risasi kwenye damu za wafanyakazi wa viwanda vya kusaga nayo ikashuka.

Desturi ya zaidi ya miaka 30, ikasimamishwa kwa miaka 2. Ila watafiti waliopima masoko ya nchi jirani waliikuta risasi pia kwenye manjano ya baadhi ya miji ya India na Pakistan, ikiwemo Patna. Kwa hiyo kazi haijaisha, na viungo vinasafiri kama vilivyosafiri siku zote.

SASA TURUDI JIKONI KWAKO

Sisemi manjano uliyonayo kabatini yana sumu. Nasema usinunue kwa rangi.

1. Kama unapata mizizi mibichi, kama ile ya Zanzibar au Muheza, chukua hiyo. Osha, menya, kausha, saga mwenyewe.

2. Ukinunua mizizi mikavu, usikimbilie ile inayong'aa njano kwa nje. Mzizi wa kawaida nje umefifia, una ukahawia. Njano ya machungwa iko ndani, ukiuvunja.

3. Unga nunua kwa mtu anayejua ulikotoka, au uliofungwa na wenye alama ya shirika la viwango. Kile kipimo cha glasi ya maji kinachozunguka kwenye simu hakikuambii kama kuna risasi. Maabara ndiyo inajua.

4. Mtoto akishafika miezi 6 na kuanza kula, chembe ya manjano kwenye mseto wake inatosha. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama tu, "maziwa ya manjano" hapana.

5. Kitovu cha kichanga kiache kikavu na kisafi. Usipake manjano, majivu wala mafuta, isipokuwa dawa uliyopewa na mhudumu wa afya.

6. Mjamzito na anayenyonyesha: manjano ya kwenye mchuzi sawa, vidonge hapana. Na yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye shida ya ini au nyongo, azungumze na daktari kwanza.

7. Mtoto akiwa anapungukiwa damu bila sababu kueleweka, anaumwa tumbo mara kwa mara, anakosa choo, au anachelewa kuongea, mpeleke kituo cha afya. Taja na vitu anavyokula na kuchezea. Ulizia kipimo cha risasi kwenye damu kama kinapatikana.

Watu wa Farmana walikula mzizi mchafumchafu, wenye udongo, usiong'aa. Na wewe ukienda sokoni Jumamosi usione haya kuchagua ule uliofifia. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Mtumie mama mwenzako mwenye kichanga, hasa yule aliyeambiwa apake kitovu. Sehemu ya 5 tutazungumza uwatu na maziwa ya mama, maana maswali yenu nimeyaona.