Sindano na Degedege

Sisi watu wa Dutumi, kama wenzetu wengi wa Kibaha na Kisarawe, tulilijua degedege kabla ya kumjua daktari. Wazee walilihesabu kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria. Mtoto hushikwa ghafla, macho yakageuka, viungo vikakakamaa; ikasemwa amepitiwa na shetani aliye mfano wa ndege. Dawa ilikuwa mafusho na kuogeshwa maji ya majani. Sindano ilikuwa mwiko, kwani mtoto wa degedege akidungwa hufa.

Watafiti waliikuta imani hiyo hiyo wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990. Wala haikuzuka bure. Mtoto alifikishwa hospitali amechelewa, malaria imekwisha kumpanda kichwani; akadungwa, akafa. Waliorudi na maiti walikuwa wameiona sindano kwa macho yao. Vimelea hawakuviona. Nani angewalaumu?

Mwaka 1975 Serikali ilianzisha mpango wa chanjo kwa watoto. Chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda huwapandishia watoto wengi homa siku ile ile, na kwa wachache sana homa hiyo huleta degedege. Kwa kawaida hupita bila kuacha madhara, lakini mwambie hayo mama aliyelelewa akijua kuwa sindano na degedege havikai nyumba moja! Basi akauliza, na mara nyingi akajibiwa kwa ukali. Aliuliza juu ya usalama wa mwanawe, akajibiwa juu ya ujinga wake. Asiporudi kwa sindano ya pili, mtoto alibaki mawindo ya kifaduro, ambacho hakina huruma kwa kitoto cha miezi miwili mitatu.

Hata wale wazee waliosema chanjo haifai kitu walikuwa na lao. Chanjo ya ndui iliyotumika enzi za Wajerumani, na baadaye Waingereza, ilikuwa ya majimaji na iliharibika upesi kwa joto. Ikifia njiani, aliyechanjwa alipata mkwaruzo tu, kinga hakuna. Chanjo kavu iliyostahimili joto ilipatikana katika miaka ya 1950, na ndiyo iliyofanya kazi mpaka mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida akaonekana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Nirudi Bagamoyo. Kuanzia mwaka 2009 mji huo, ulio katika Mkoa wetu wa Pwani, ulikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watafiti waliuliza swali lile lile la akina mama, tena wakahesabu: kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, degedege lilitokea katika siku saba za baada ya chanjo kwa kiasi cha mara moja katika kila dozi 1,000, na kwa waliopewa chanjo nyingine ya kulinganishia, karibu nusu ya hapo. Hawakulificha, wakalichapisha. Wakachapisha pia kwamba waliopata dozi nne walipungukiwa na malaria kwa kiasi cha asilimia 36 katika miaka minne. Si kinga kamili. Ni sindano inayopunguza malaria ile ile iliyokuwa ikiwatia watoto wetu degedege, na walioifikisha hapo ni pamoja na akina mama wa Bagamoyo, waliokubali watoto wao wadungwe.